Hapa Hakuna wa Kwanza

Msichana alikataa kiti. Alikataa na chai. Alisimama katikati ya ofisi ndogo ya polisi gatini, begi mgongoni, akamkazia macho Kapteni Trieu.

"Nimetoka Nam Dinh mpaka Saigon, Saigon mpaka Can Tho, sijafumba jicho. Sikuja kukaa. Nionyesheni mwandiko wa mama."

Trieu alifungua droo, akatoa daftari la jalada la bluu lililokuwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaliweka mezani. Daftari hilo liliokotwa Jumatatu mchana kwenye chumba cha nyumba ya wageni, kitanda kimetandikwa, mwenye kitanda hayupo. Leo ilikuwa Alhamisi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili tu, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini:

*Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, gatini. Mtoto wa pili wa Mzee Tang atanichukua kwa mashua, tukamtoe Khoat.*

"Ni wake," msichana alisema. Jina lake lilikuwa Duyen. "Khoat ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alikufa vitani huku kusini, mimi sijazaliwa. Mwaka huu mama akapata barua kwamba Mzee Tang ndiye aliyemzika, kwenye bustani yake."

"Mzee Tang alifariki miaka sita iliyopita," Trieu alisema. "Ameacha wana wawili. Huyu aliyeandikwa hapa tunaye ndani tangu Jumatatu jioni."

"Amesema nini?"

Sajenti Oanh, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, alifungua faili. "Sentensi mbili. 'Mimi ndiye wa Pili. Andikeni hivyo.' Tangu hapo hajafungua mdomo. Hata maji anakunywa ameugeukia ukuta."

"Basi mama yuko wapi?"

Nje, ndani ya ukungu, mashine ya mashua ilikohoa ikazimika.

"Mtu bila maji anaishi siku ngapi?" Duyen aliuliza.

"Siku tatu," Trieu alisema. "Nne, akiwa kivulini."

"Leo ni ya ngapi?"

"Ya nne imeanza."

Msichana aliushika ukingo wa meza. Trieu alimpa muda wa kupumua mara mbili, kisha akaendelea na kazi. "Mwenye nyumba ya wageni anasema mama yako alikuja na sanduku la udongo."

"Jekundu, urefu huu." Alipima kwa mikono, kama mtu anayepima mtoto mchanga. "Kwetu mifupa hulazwa humo. Nililibeba mwenyewe mpaka stesheni."

"Alilala nalo kitandani," Oanh alisema. "Mfagiaji alilikuta limefunikwa blanketi mpaka shingoni. Ameacha kazi siku hiyohiyo." Alivuta fomu. "Dada, naomba nijaze ya ndugu wa karibu. Bi. Hoan ana watoto wangapi?"

"Wawili. Kaka yangu Vinh na mimi."

"Wewe wa ngapi?"

"Wa pili."

Oanh aliandika. "Basi huyo Vinh ni mdogo wako."

"Mkubwa. Amenipita miaka minne."

Kalamu ilisimama. "Wewe ni wa pili, na bado una mkubwa wako?"

"Yeye wa kwanza, mimi wa pili. Nyinyi huku mnahesabuje?"

Trieu alikuwa dirishani. Aligeuka polepole.

"Huku hakuna wa kwanza," alisema. "Anayezaliwa mwanzo anaitwa wa Pili. Anayemfuata, wa Tatu. Mimi naitwa wa Tano, na kwetu tumezaliwa wanne."

"Na wa kwanza anakwenda wapi?"

"Marehemu bibi yangu alisema anaachiwa mizimu. Ikisimama mlangoni ikauliza wa kwanza nani, inajibiwa: humu hayumo. Inapita."

Duyen hakutabasamu. "Mama amefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Hayo yenu hayajui. Kwake yeye, wa pili ni wa pili."

Oanh akalifunga faili taratibu.

"Kapteni, tumemkamata mzaliwa wa kwanza."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mtoto wa pili wa Mzee Tang ni..."

Mlango ukasukumwa kwa bega. Mwanamume wa miaka arobaini hivi aliingia, vikombe vitatu vya kahawa ya barafu vinaning'inia vidoleni katika vifuko vya nailoni. Jina lake Tich, lakini mtoni kote aliitwa wa Tatu. Tangu Jumanne ndiye aliyeshika usukani wa boti ya msako, macheo mpaka machweo, bila kuombwa. Alisema anafuta aibu ya kaka yake.

"Kapteni, maji yanaanza kupwa. Leo tukaangalie chini ya daraja. Maiti ya siku tatu huibukia pale." Akamwona Duyen. "Samahani, dada. Sikujua kuna mgeni."

"Ni binti wa Bi. Hoan," Trieu alisema.

"Ooh. Pole sana, mdogo wangu. Pole sana." Tich aliviweka vikombe mezani kimoja kimoja. "Nikawashe mashine."

Trieu aliichukua kahawa yake. "Asante, Kaka wa Tatu. Tunakuja."

Mlango ulipojifunga, Oanh alikuwa ameshashika pingu.

"Ziweke," Trieu alisema.

"Kwa nini?"

"Utamshitaki kwa kosa gani? Kuhesabiwa? Kaka yake amenyamaza siku tatu. Huyu naye akinyamaza, kimya cha watu wawili kitatufikisha wapi? Yeye anajua mama yuko wapi. Leta ramani."

Oanh aliikunjua. Sehemu zilizosakwa siku mbili zilikuwa zimepakwa wino mwekundu. Zote zilikuwa upande mmoja, kuelekea baharini.

"Nani alichagua?" Trieu aliuliza.

"Yeye. Alisema mkondo unavuta huko."

"Basi leo tutautazama mkono wake wa usukani. Atakapokataa kwenda, ndipo tutakapokwenda." Akamgeukia Duyen. "Na wewe utakuja. Lakini mpaka nikuulize swali, usimtazame usoni."

*

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji kama kifuniko cha sufuria. Soko la majini lilikuwepo, ila halikuonekana. Zilionekana fito tu. Boga lilining'inia hewani. Mbele yake, mananasi matatu. Kisha viazi, kisha kitunguu kimoja kinazunguka polepole kwenye kamba yake, na chini ya vyote hivyo hakuna mashua wala mtu, ni weupe mtupu unaokohoa na kubishana bei. Ukisogea karibu ndipo mashua hujitokeza, pua kwanza, ikikutazama kwa macho yake mawili yaliyochorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe.

Tich alipunguza mwendo. Trieu alisimama mbele, mkono mmoja mfukoni.

"Kapteni wa Tano!" Sauti ya mwanamke ilitoka chini ya boga. "Leo unanunua au bado unatafuta maiti? Maiti sina, zimekwisha jana."

"Nipe habari, Shangazi. Boga nitabeba kesho."

Mashua yake ilijitokeza. Alikuwa muuza maboga, naye wa Tano kwao, mnene, kofia ya majani imefungwa kwa skafu kidevuni. Aliikamata boti ya polisi kwa mguu, kama mtu anayemzuia mbuzi.

"Habari zangu ulizikataa. Jumanne nilimwambia yule askari wako mwenye tumbo. Aliandika huku anacheka."

Trieu aliikumbuka taarifa ile. Ilifika mezani kwake Jumanne saa nne, mistari mitano. Yeye mwenyewe aliikata kwa mstari wa rula, akaandika pembeni: mizimu.

"Irudie."

"Niirudie nichekwe tena?"

"Irudie, Shangazi. Leo hacheki mtu."

Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja, akashusha sauti. "Ndani ya mfereji wa Bata kuna mashua imetundika kuti."

Duyen alimtazama Oanh. "Kila mtu hutundika anachouza," Oanh alimnong'oneza. "Ukiona kuti tupu kwenye ufito, inauzwa mashua yenyewe."

"Mume wangu akaenda kuulizia," Shangazi aliendelea. "Anakuta hakuna mtu. Macho ya mashua yamepakwa rangi nyeusi, yote mawili. Nyinyi mmewahi kuona mashua iliyofumbwa macho? Akabisha hodi. Akajibiwa kutoka chini ya mbao. Ko, ko, ko. Mwanamume wa kilo tisini aliruka kwenye tope na viatu! Mpaka leo kiatu kimoja kiko huko. Jumatano wakaenda wengine wawili, hivyo hivyo. Na leo alfajiri nimepita mdomoni mwa mfereji mimi mwenyewe, nikasikia kwa masikio haya. Ko, ko, ko. Yule ni aliyezama, Kapteni. Anatafuta wa kumwachia nafasi. Hawezi kuondoka majini mpaka avute mwingine."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akamgeukia Tich. "Wa Tatu, si wewe ulitundika kuti mwezi uliopita?"

"Niliuza, Shangazi. Mtu wa Vinh Long."

"Ukauza mashua ya marehemu baba yako, hata kikombe kimoja hukutuita? Hata kuichinjia bata hukuichinjia? Mashua iliyokulea?"

"Alikuwa na haraka."

"Nyie vijana mtauza mpaka makaburi."

Tich aliushika usukani kwa mikono miwili. Trieu alikuwa akiitazama hiyo mikono.

"Twende mfereji wa Bata," Trieu alisema.

"Maji yanapwa, Kapteni. Tutakaa kwenye tope mpaka jioni."

"Unaogopa wa majini?"

"Naogopa tope." Tich alicheka, akaigeuza pua ya boti kuelekea darajani. "Mambo ya akina mama hayo. Twende kwenye kazi."

Trieu hakubisha. Alikaa kwenye ubao, akaipa mgongo mashine, akawasha sigara. Soko lilipotea nyuma yao, boga likiwa la mwisho kumezwa. Maji yalikuwa ya kahawia, laini, hayana sauti.

"Dada Duyen," alisema bila kugeuka, "mama yako alikufundisha hesabu?"

"Kwa fimbo."

"Nipe jibu la hesabu moja. Mzee Tang alizaa wana wawili. Mkubwa anaitwa Mau. Mdogo anaitwa Tich. Wahesabu kama mama yako angewahesabu."

Msichana aligeuka, sasa akamtazama mtu wa usukani usoni.

"Mau, wa kwanza," alisema. "Tich, wa pili."

Mashine ilishuka sauti. Ilishuka kidogo tu, kama mwimbaji aliyesahau neno. Kisha ikashuka tena, ikanyamaza kabisa, na boti ikaanza kuelea yenyewe ndani ya weupe.

"Kapteni," Tich alisema, "unanikamata kwa hesabu za kaskazini?"

"Sijakukamata. Nimekuomba unipeleke mfereji wa Bata, ukakataa."

"Siku mbili niko nanyi. Ningekuwa na jambo mngeniona."

"Siku mbili uko nasi, ndiyo maana hukupata nafasi ya kurudi kwake. Ulijitolea kutuongoza ili tusifike. Tukakung'ang'ania wewe tangu macheo. Ulijifunga kamba mwenyewe, Kaka wa Tatu." Trieu alitupa sigara majini. "Kuti lako bado liko juu ya ufito. Mashua iliyouzwa haitundiki kuti."

Oanh alikuwa ameshasogea, akakaa kati ya Tich na ukingo.

Tich aliutazama mto. "Kaka amesema nini?"

"Kwamba yeye ndiye wa Pili."

Mabega ya Tich yalitikisika kwa kicheko kisicho na sauti. "Ndivyo alivyo. Hata nilipouvunja mtungi wa baba, alikwenda kusimama yeye. Mimi ndiye wa Pili, nipigeni mimi."

"Mama yangu yuko hai?" Duyen aliuliza.

"Sikumzamisha. Aliyezama angenifuata mpaka chumbani. Nilimfungia tu nipate kufikiri." Alisema kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa. "Nilimpa mifupa. Wengine huipokea, wanalia, wanalipa, wanashukuru, wanakwenda zao. Yeye akaitoa mmoja mmoja, akaipanga kwenye mbao, akaihesabu. Akaniambia, hii ni ya nyati, mimi nakwenda kituoni."

"Yuko hai?" Duyen alirudia.

"Juzi usiniulize, jana usiniulize. Nilikuwa nanyi, na usiku siingii mfereji ule."

Pingu zililia mara mbili. Trieu akaruka nyuma, akaushika usukani mwenyewe.

*

Mfereji wa Bata ulikuwa mwembamba, michikichi ya majini imeinama pande zote mbili mpaka inagusana juu. Ukungu haukuingia humo. Maji nayo yalikuwa yanatoka, kila dakika yanaacha tope zaidi, na vijishimo vya kaa vilikuwa vinapumua.

Waliona kuti kwanza. Lilikuwa kavu, limejikunja, liko juu ya ufito bila kutikisika. Chini yake ilikaa mashua kubwa ya mizigo, imepandishwa kwenye kijitaro cha pembeni. Pale palipokuwa na macho palikuwa na madoa mawili meusi, rangi imechuruzika mpaka kidevuni.

Trieu alizima mashine. Wote wanne walisikiliza.

Hakukuwa na sauti. Kwenye tope, kiatu kimoja cha mwanamume wa kilo tisini kilikuwa kimejaa maji.

"Mama!" Duyen aliita.

Hakuna kilichogonga.

Trieu alishuka, tope likamfika magotini. Aliupapasa ubavu wa mashua akipita. Tope lililoshikamana nao lilikuwa limekauka na kupasukapasuka: mashua ilipandishwa na maji makubwa ya Jumatatu, na tangu siku hiyo haikuelea. Alipanda. Mbao za sakafu zilikuwa zimepigiliwa misumari mipya. Oanh alimrushia mtarimbo. Ubao wa kwanza ulipiga ukelele ukang'oka. Wa pili. Wa tatu.

Harufu ilipanda, joto la chumba kilichofungwa. Humo ndani mwanamke mdogo, mwenye mvi, alikuwa ameketi amejikunja kulizunguka sanduku jekundu la udongo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mkononi alikuwa na mfupa wa mguu wa nyati, ncha yake imesagika kwa kugonga.

Macho yake yalifunguka.

"Leo siku gani?" alisema, sauti kama karatasi.

"Alhamisi, mama."

"Nilihesabu Alhamisi," alisema Bi. Hoan. "Vizuri."

Duyen alishuka shimoni na chupa ya maji. Alimnywesha kwa kifuniko, tone kwa tone, huku anamtukana kwa mapenzi: mzee mkaidi, mzee kiburi, nani alikuambia uje peke yako. Mama aliivumilia kelele yote. Oanh alikuwa kwenye redio, anaita gari la wagonjwa lisubiri gatini, na anaagiza mtu anayeitwa Mau afunguliwe mlango sasa hivi.

Trieu alichuchumaa ukingoni mwa shimo. Alivua kofia.

"Tulilisoma daftari lako siku ileile, mama. Tukamkamata mtu mwingine."

"Niliandika wa pili."

"Uliandika wa pili."

"Sikukosea."

"Hukukosea. Sisi ndio hatukujua kuhesabu. Na watu walipotuletea habari kwamba hapa panagongwa, mimi niliikata kwa rula."

Bi. Hoan alimtazama kwa muda, jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekiri. Kisha akalivuta sanduku karibu zaidi. Lilikuwa tupu. Mifupa ya nyati ilikuwa imetupwa kwenye kona, mbali na sanduku.

"Bado sijampata," alisema.

Oanh alikuja na fomu. "Mama, swali moja, kisha tunakubeba. Ulikuwa unagonga mpaka lini?"

"Jana adhuhuri. Baada ya hapo mkono ulikataa."

Oanh aliandika. Akasimamisha kalamu, akamtazama Trieu. "Shangazi wa Tano amesikia leo alfajiri."

"Nimemsikia akisema."

"Labda mashua ilikuwa inagonga gogo."

Trieu aliangalia tope lililokauka ubavuni.

"Mimi sikuanza," Bi. Hoan alisema.

"Hukuanza nini, mama?"

"Kugonga. Ningejuaje kama nje kuna mtu wa kunisikia? Ilianza Jumatatu jioni, kule mbele, yalipo macho. Ko, ko, ko. Nikadhani ni mtu anapita, nikamwitikia. Kila nilipochoka, alianza tena yeye, mpaka nikaamka. Alikuwa na subira sana." Alilamba midomo. "Kwa hiyo muandike sawasawa. Mimi nilikuwa wa pili."

Tich, aliyefungwa kwenye boti, alikuwa amesikia. Alianza kuomba wamwondoe mfereji ule, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti.

Kwenye fomu, juu ya jina la Bi. Hoan, Oanh alikuwa ameacha nafasi ya jina la aliyegonga kwanza. Oanh alimpa Kapteni kalamu. Trieu aliishika, akatazama mbele ya mashua, kwenye yale madoa mawili meusi, kisha akamrudishia.

"Iache wazi," alisema. "Humu hayumo."